Talaso Aliomba Maji, Hakuomba Barafu

Juzi nilipaki gari kando ya ukuta mmoja Al Rayyan, na kabla sijafunga mlango harufu ikanifikia: vumbi lililolowana. Mvua haikuwepo, na hakuna mwenye akili zake anayengoja mvua Doha msimu huu. Ilikuwa friji ya maji ya sadaka, zile friji za chuma ambazo wenyeji huzibandika nje ya kuta zao ili mpita njia yeyote anywe, awe dereva, mfagizi au mtu tu aliyeshikwa na jua. Wenyewe huziita barada. Bomba lilikuwa linavuja na maji yanadondoka kwenye mchanga wa moto. Nikasimama pale na mkoba wangu begani, navuta pumzi kama mjinga, nikamwona baba yangu waziwazi, amepiga magoti na bisibisi mdomoni.

Baba alikuwa fundi wa viyoyozi kwenye hoteli moja kule The Pearl. Wiki nzima aliwapoza wenye pesa, Ijumaa akawapoza wapita njia. Akitoka msikitini haendi kulala kama baba za wenzangu; anachukua mfuko wake wa spana, ananishika mkono, na tunazunguka mitaani kutafuta friji za sadaka zilizokufa. Hakuna aliyemtuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika skrubu zisipotee na kuonja. Akishamaliza anajaza kikombe, ananipa mimi kwanza, ananitazama usoni kama daktari. "Yapo?" Nami nalamba midomo, napiga kelele, "Yapo, Baba!" Maana yake yamekuwa baridi ya kuuma meno. Baba alitoka Tanga, na kwake yeye maji ya uvuguvugu ilikuwa adhabu, hakuna neno jingine.

Nyinyi mliokulia Doha mtanielewa. Kiangazi kikishika, bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemshia mayai, kwa sababu tangi liko juu ya paa na jua halina huruma. Nyumbani tulikuwa tunazima hita ya bafuni wiki nzima ili maji yaliyomo yapoe kivulini, halafu tunaoga kwa bomba la moto. Mgeni akija lazima aelezwe, la sivyo atatoka bafuni anapiga mayowe. Basi mimi nilikua nikijua hivyo: jangwani maji yapo tele, shida yake ni kwamba yanaunguza. Kwa hiyo Mama aliponiambia kwamba mdogo wake, mama mdogo Talaso, anafundisha jangwani na wanafunzi wake wanateseka kwa maji, roho iliniuma kweli. Masikini, nikawaza, maji ya moto vile, na hita ya kuzima hawana!

Mama alizaliwa kaskazini ya Kenya, ng'ambo ya Marsabit, kwa watu wanaohama na ngamia wao. Talaso alikuwa mwalimu wa shule inayohama nao. Ubao unafungwa juu ya ngamia, sanduku la vitabu upande wa pili, na mahali mifugo inapotua ndipo darasa linapofunguliwa, mchana chini ya mti na tena jioni, mbuzi wakisharudi. Habari zake zilitufikia kwa sauti tu, kwenye simu ya Mama, ambayo ilikuwa inaegemezwa kwenye kopo la chumvi wakati wa kupika. Niliwahi kumuuliza Mama kwa nini wasiandikiane meseji kama watu wengine. Akasema, "Sauti ya mtu ina harufu ya nyumbani." Nikaridhika. Na karatasi ikija kutoka shuleni kwangu, Mama ananipa mwenyewe niisome, anasugua jicho: "Nisomee, mwanangu, macho yangu yameingia vumbi." Nilikuwa nalilaumu vumbi la Doha kwa kumwandama mama yangu peke yake.

Siku moja ikaja sauti ya Talaso ambayo haikuanza na salamu ndefu za kawaida. "Dada, wazee wamenena na mimi wazi. Kiangazi hiki tukishuka visimani, kila mtoto anayeweza kuinua ndoo anaingia kisimani. Unajua mwenyewe. Mwaka jana nilibaki na ubao wangu na mbuzi mgonjwa. Safari hii wamesema wakitoka darasani, hawarudi tena. Kama maji hayako karibu na darasa, dada, darasa halipo. Nitashuka mjini nitafute kazi ya dukani." Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akairudia sauti ile. Akairudia tena, mpaka harufu ya ugali ulioungua ikamtoa Baba chumbani.

Baba akasikiliza naye, amesimama mlangoni na fulana yake ya ndani. Akasema, "Mama Salma, mwambie mdogo wako maji yanakuja." Alivyosema ungefikiri yuko na bahari uani.

Ndivyo Ijumaa zetu zilivyobadilika. Tulikuwa tunakaa kwenye kipande cha villa iliyogawanywa, lakini ua ulikuwa wetu, na ua ule ukageuka karakana. Wakaja wenzake Baba wawili watatu wa hotelini, na akaja Anko Wafula, mlinzi, mtu wa Bungoma, mwili kama mlango. Asubuhi yuko kanisani, mchana yuko kwetu na sandwichi yake mfukoni, kwa sababu hakuamini kwamba pilau ya Mama ingemtosha. Walikusanya paneli za sola zilizong'olewa kwenye taa za bustani, betri, nyaya, tangi la plastiki. Na katikati ya vyote Baba akaweka kipenzi chake: friji ya maji, ya chuma, mabomba mawili, aliyoiokota jalalani na kuifufua.

"Nani amewahi kuona friji ya sadaka inayohama na ngamia?" alikuwa anasema, anaipigapiga mgongoni. "Wallahi sisi ndio wa kwanza."

Mama alikuwa anapitisha chai. Akaweka sinia chini. "Baba Salma, Talaso ameomba maji. Hakuomba barafu."

"Sasa watoto wa watu wanywe maji ya moto?"

"Yatawaunguza, Mama!" nikadakia, kwa uchungu kabisa. Mama akatutazama mimi na baba yangu kwa zamu, akatikisa kichwa, akachukua sinia lake. "Haya. Mmepatana, baba na mwana."

Nilizipenda zile Ijumaa, sitaficha. Anko Wafula aliipaka friji rangi ya kijani, akanipaka na mimi puani. Baba alikuwa anaimba nyimbo za kwao huku anakaza nati. Friji ilikuwa inakula umeme vibaya, ikambidi aongeze paneli, kisha betri, kisha paneli nyingine, mpaka ua ukajaa na Mama akawa anaanika nguo juu ya sola. Lakini ilipogandisha maji mara ya kwanza walishangilia kama timu imefunga bao, na nilionja mimi kabla ya mtu mzima yeyote.

Ikabaki kuijaribu jangwani kwenyewe. Tukaazima pikapu, tukapita Al Wakrah, tukaenda mpaka barabara ikaishia na mchanga ukaanza. Mama alitandika mkeka kivulini mwa gari na chupa yake ya chai. Wanaume wakashusha mitambo, wakazielekeza paneli kwenye jua, Baba akasema bismillahi, akabonyeza. Friji ikanguruma. Huku wenzake Baba wanapiga takbiri, kule Anko Wafula anapiga haleluya, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Baba akatoa simu amrekodie Talaso video. "Shemeji! Ona mambo haya! Jangwa lilelile, jua lilelile! Wafula, mimina, mimina aone!" Wafula akainua chupa kutoka kwenye katoni, akamimina ndani ya friji, akachukua nyingine, akamimina. Baada ya muda yakatoka baridi ya kuuma meno. "Yapo!" nikapiga kelele mbele ya kamera.

"Baba Salma," Mama akaita kutoka mkekani. Hakuinua sauti. "Hayo maji yametoka wapi?"

"Maji yapi?"

"Hayo mnayoyapoza."

Baba akaitazama friji. Akamtazama Wafula, chupa mkononi, katoni miguuni. Nikajibu mimi, maana swali lilikuwa rahisi. "Dukani, Mama! Tulinunua pamoja!"

"Na kule kwa Talaso," Mama akasema, "duka liko wapi?"

Jamani. Wiki zote zile. Watu wazima, mafundi wa kweli, wamejenga mtambo wa maji, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza maji yatatoka wapi, kwa sababu Doha maji hayatoki mahali, yapo tu, bombani, kwenye katoni, kwenye ukuta wa jirani. Anko Wafula akaishusha chupa polepole. "Woi," akasema. "Tumenunua sufuria, unga hatuna."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kitambaa kikamtoka kichwani, na sisi tukamfuata, hata Baba, tukalala kwenye mchanga tunapiga makofi. Kisha nikaona Mama hacheki tena. Mabega yanatikisika vilevile lakini machozi yanamtoka. Baba akaenda akachutama mbele yake.

"Kisima cha kwetu ni kirefu," Mama akasema. "Watu wanasimama ndani, mmoja juu ya mwenzake, wanarushiana ndoo mpaka juu. Nyumba yetu ilikuwa na watoto wawili wa kike. Mmoja alitakiwa kisimani, mmoja angeweza kukaa darasani. Mikono yangu ilikuwa mirefu kuliko ya Talaso."

"Uliniambia hukusoma kwa sababu shule ilikuwa mbali," Baba akasema.

"Ilikuwa palepale, Baba Salma. Nikiwa kule chini nilikuwa nawasikia wakiimba herufi. Nilikuwa naimba nao mpaka ndoo inifikie."

Mimi, na uzito wangu wa kichwa, nilikwenda nikamtazama macho kutafuta vumbi. Hapakuwa na vumbi. Yalikuwa macho mazuri tu, mekundu kwa kulia, na ndipo nilipoelewa karatasi zote zile nilizomsomea, na kwa nini simu yake ilikuwa ya kusikiliza tu. Nilimpenda siku ile mpaka nikashindwa pa kumshika. Nikaishia kushika pindo la dera lake, na sikuliachia mpaka nyumbani.

Baba alinuna wiki nzima. Mnajua wanaume wakikosea jambo walilolipenda: anakula haongei, anaswali haongei, anakwenda uani anaitazama friji yake kama mgonjwa aliyekata roho. Ijumaa akaifungua kutoka kwenye paneli kwa mikono yake mwenyewe. Akaibandika nje kwenye ukuta wetu, upande wa barabara, akaiunganisha na umeme wa nyumba, na madereva wa mtaa wote wakamwombea dua. Halafu akaja jikoni, akavuta kiti. "Haya, Mama Salma. Mpigie Talaso. Safari hii nauliza kwanza."

Akauliza kila kitu. Kisima kina urefu gani, cha nani, ngamia wa shule ni wangapi, kila mmoja anabeba kiasi gani bila kuchoka. Majibu yalikuwa yanachelewa, kwa sababu Talaso ilimbidi ampe mtu simu aende nayo kituoni, penye umeme, kuichaji, na mtu akienda kituoni ana mambo yake. Jibu moja lilimfanya Baba aruke. Kisima kilikuwa cha ukoo, na mifugo ina zamu zake ambazo hazivunjwi. Wazee walikuwa wamekubali kuwaacha watoto darasani kama shule itachota maji ya nyumba zote, ila ichote mchana, saa ya jua la utosini, wakati wanyama wamelala kivulini na hakuna binadamu anayetaka kusimama kisimani. "Saa sita!" Baba akapiga meza. "Hiyo ndiyo saa ya sola! Wangenipa saa nyingine ningeikataa!"

Tangi la plastiki likaondoka, maana hakuna ngamia wa kulibeba. Likaja jifuko kubwa la maji la kukunja. Pampu ya kuzama kisimani, mpira wa maji, paneli chache nyepesi, taa mbili za darasa. Kila kitu kilitakiwa kifungike pande mbili sawasawa. Baba akasema watapima kwa mizani. Mama akasema mizani ya nini, leteni ngamia.

"Ngamia tumtoe wapi?"

Mama akamtazama Anko Wafula. Wafula akarudi nyuma. "Apana. Mama Salma, apana, mimi ni mtu wa kanisa."

Aliishia kupiga magoti na mikono chini uani, mto mgongoni, na Mama akampakia. Sijawahi kumwona mama yangu hivyo. Kamba zinapita mkononi kwake bila kuzitazama, anavuta fundo kwa goti lake, paneli huku, jifuko kule, anazungusha chini ya tumbo la Wafula, anarudi. "Aki Mama Salma, mbavu!" "Ngamia hasemi. Tembea." Wafula akazunguka ua na shehena yote na hata waya mmoja haukuteleza, nami nimetangulia namvuta kwa kitambaa. Baba alikuwa ameegemea ukuta anamtazama mkewe, na sura yake ile nikiifikiria leo nacheka peke yangu. Alikuwa amependa upya, mzee wa watu.

Wafula alipopata likizo yake akaondoka na mzigo, kabla hata ya kwenda kumwona mama yake Bungoma. Akatupigia kutoka Marsabit kwamba anapanda lori. Baada ya hapo, kimya.

Kimya kile ndicho ninachokikumbuka kuliko yote. Kiangazi kilikuwa kimeshaanza kwao, mifugo ilikuwa imeshashuka visimani, na kama watoto walikuwa wameshaingia kazini basi ndiyo khalas, Talaso alikuwa amesema hawarudi. Mama aliegemeza simu kwenye kopo la chumvi na simu haikusema kitu. Alipika, akafua, akanisuka nywele, na kila alipopita aliigusa kioo kuona kama bado ni nzima. Baba aliacha kwenda kutengeneza friji za watu. Akawa anakaa jikoni, hapiki, hali, anakaa tu pale mkewe alipo.

Simu ilipolia tuligongana wote watatu. Ilikuwa picha inayotembea, inayumbayumba, jua limeichoma nusu. Tukaona paneli kwenye mchanga. Tukaona mpira wa maji umelala kama uliokufa, kisha ukashtuka, ukajaa, na ukatema maji ndani ya lile jifuko kwa kishindo, machafu kwanza, halafu safi. Wafula anacheza mbele ya wazee waliokataa kabisa kutabasamu. Mbuzi mmoja alikuwa ameshafika kuiba. Na sauti ya Talaso nyuma ya kamera, imekatika kwa kilio: "Dada, leo hakuna mtoto aliyeshuka kisimani. Unanisikia? Hakuna hata mmoja. Wako darasani."

Baba akasema alhamdulillahi, akaingia bafuni, akafungua maji ili tusimsikie analia. Tulimsikia.

Siku chache baadaye, Magharibi imeshaswaliwa, Mama alikuwa anasukuma chapati na mimi napaka mafuta, simu ikalia. Safari hii haikuwa sauti iliyorekodiwa. Talaso alikuwa anapiga moja kwa moja, na kwa kuwa sasa alikuwa na sola yake mwenyewe ya kuchajia, aliongea bila haraka. Aliiweka simu juu ya sanduku la vitabu. Tukaona taa inaning'inia kwenye mti wa miiba, ubao, na migongo ya watoto waliokaa mchangani. "Dada, usikate," akasema. "Kaa hapo hapo."

Kisha akageuka, akawa mwalimu, akaanza kuita majina.

"Guyo?"

"Nipo, mwalimu!"

"Elema?"

"Nipo, mwalimu!"

Akaita wengi, kila mmoja na sauti yake, mwingine mafua yamemshika. Kisha akasema, "Kabale?"

Hakuna aliyeitika. Nikadhani kuna Kabale mwingine huko, ametoroka. Watoto wakaanza kucheka chini chini, wanageuka kuitazama simu. Kabale ni jina la mama yangu. Talaso hakuwahi maishani kumwita dada yake kwa jina tupu, mwiko kabisa, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote aliporudia:

"Kabale!"

Baba alinyoosha mkono, akamtoa Mama ule mti wa kusukumia chapati vidoleni, taratibu, akazima jiko. Mama akafuta unga kwenye dera. Akasimama wima, mikono yake mirefu imenyooka mapajani.

"Nipo," akasema. "Nipo, mwalimu."